Mwimo wa Mlango

Kopo la rangi nyekundu, brashi ya inchi mbili,
daftari la kurasa mia lililovimba kwa unyevu:
hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa mji.
Mimi, Sanyu Byakika, mkaguzi msaidizi wa majengo,
kanda ya kinamasi, zamu ya asubuhi.

Nakanyaga magunia ya mchanga
mlango hadi mlango kando ya Lubigi.
Pasipo kibali, nachora msalaba.
Msalaba mmoja, siku ishirini na moja.
Mkono umeuzoea mno:
juzi nilimsahihisha mwanangu hesabu
nikaijaza kurasa yake yote kwa kosa moja.

Ngoja nikueleze tofali linavyosafiri.
Udongo wake hufukuliwa humu humu, penye mafunjo;
shimo hubaki, mbu wakalipanga bure.
Huokwa kwa mikalitusi iliyoshushwa kilimani.
Kilima kikishapata kipara, huchongwa ubavu,
moramu yake hupanda lori, huja kulifukia
lile shimo, ili juu yake pajengwe
kwa tofali lililotoka humo.
Nimeliwaza hili mara nyingi nikingoja bodaboda.
Daftari halina safu ya kuliandika.

Ng'ambo ya mfereji lipo ghala la mabati ya buluu,
refu kama sentensi ya wakili.
Nalo limesimama kinamasini, tena ndani zaidi,
ila kibali chake kina mihuri mitatu
na mlinzi wake ana mbwa wawili.
Niliuliza mara moja. Bwana Okurut, mkuu wangu,
alifungua droo, akaitazama, akaifunga.

Jumanne nilifika kwa Nalumansi,
anayekanda makaa kwa maganda ya matoke
na kuyaanika juu ya bati,
meusi, mviringo, mayai ya ndege wa usiku.
Chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu anaijenga
tofali nne kwa wiki, wiki yenye wateja.
Hakulia, hakuniapia, hakuniita mkubwa.
Alisogeza beseni nisilikanyage, akasema:
"Chora tu, nyabo. Ila kwanza tazama huku."

Kwenye mwimo wa mlango, mikato ya kisu.
Nilidhani ni vimo vya watoto.
"Huu ni mvua ya Aprili, Kato alipozaliwa.
Huu ni mwaka walipomaliza ghala.
Ona ulivyoruka."
Kweli. Chini mikato ilipandana taratibu,
vidole viwili, vidole viwili,
kisha kiganja kizima, ghafla, hadi kwenye bawaba.
Na kila baada ya mkato aliinua sakafu yake
kwa kokoto alizookota barabarani.

Ofisini tunayo ramani iliyopigwa kutoka angani,
imelipiwa na wafadhili, imekunjwa ndani ya kasha.
Mwimo huu haumo.

Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Hapa ukuta ulitangulia, mrefu, wenye mihuri,
ufa ukahamia kwa jirani.

Nilichovya brashi. Sitakudanganya: nilikusudia kuchora.
Sheria ni sheria, na mshahara una tarehe yake.
Tone moja lilianguka juu ya kiatu.
Mkono ukaenda upande badala ya kushuka:
mstari mlalo, toka mwimoni hadi pembe ya nyumba,
sambamba na mkato wa juu kabisa.
Kopo lilikuwa bado na robo.
Nikavuka mfereji.

Mbwa walinipokea kwanza. Mlinzi akafuata,
akaniuliza, kwa adabu, kama nina kibali.
Nilikuwa nimeshapiga magoti,
pima-maji imebana ukutani,
nikiunyoosha mstari ule ule juu ya mabati ya buluu
bila kuupandisha, bila kuushusha.

Kutoka ng'ambo Nalumansi akapaza sauti,
mikono yake myeusi hadi viwiko:
"Bakiza rangi, nyabo!
Novemba haijafika."