Ukurasa wa Arobaini

Julai ikifika Kabale, ukungu haubishi hodi.
Hupanda kutoka bondeni kama ng'ombe asiye na mchungaji,
hulala juu ya mabati, hulamba vioo,
na saa nne asubuhi bado hukioni kilima cha Makanga.
Watu hukimbilia sweta.
Mimi pia. Lakini kando ya rundo la sweta
Ndyomugyenyi ametandika turubai lake la vitabu,
na iko baridi isiyojua sufi.

Kiswahili nilikipata kambini, kwa baba koplo,
basi nangojea vile vinavyoshuka na malori Katuna:
dereva amesubiri mhuri siku tatu,
riwaya ameimaliza, njaa haijaisha,
anaibadilisha kwa viazi vya kuchemsha.
Huja na grisi kwenye jalada
na namba za simu za wanawake nisiowajua.

Picha ya mbele siitazami.
Bunduki na midomo myekundu vimenila pesa nyingi.
Nakipima mkononi kama kabichi,
kisha nafungua ukurasa wa arobaini, nimesimama,
kwa kuwa ukurasa wa kwanza kila mwandishi huvaa suti.
Kufika arobaini amevua viatu.
Nikikuta humo mtu anasema uongo, nami namwamini,
nalipa.

Mtihani wenyewe uko nyumbani.
Nabandika maharagwe kwenye sigiri,
navuta stuli, najitia blanketini, naanza.
Kitabu kibovu: maharagwe yanaiva vizuri.
Cha wastani: nakumbuka kuongeza maji.
Sufuria tatu nimezitupa tangu nistaafu,
wala siilii hata moja.

Ya mwaka huu ilikuwa ya mpima dhahabu
na mkewe, aliyejua kuwa mizani imechezewa
akanyamaza miaka kumi na mmoja.
Usiku wa tatu, makaa yamebaki macho mawili,
mke ameweka mkono kwenye kitasa,
nikageuza —
uzi mtupu. Kurasa zimechanwa.

Asubuhi sikunywa hata uji.
Ndyomugyenyi hakuona haya; alinyoosha midomo
kuelekea kwa Kedress, muuza karanga.
"Aliomba karatasi. Nilijua wewe hufiki mwisho,
wewe huunguza tu."

Nikanunua karanga.
Pakiti ya kwanza: hesabu za darasa la nne,
zote zimekosewa.
Ya pili: ukurasa wa mia mbili kumi na moja,
mke yuko barabarani, mvua, kiatu kimoja.
Ya tatu, ya nne: tangazo la mnada wa mbuzi.
Kedress akaniuliza kama nina wageni.

Wa mwisho alikuwa nao mtoto wa shule,
ameegemea ukuta, anatafuna, pua inavuja.
Nilimsihi asiikunje. Tukaiinua kwenye mwanga:
mafuta yamepenya, nyuma na mbele vinaonekana pamoja,
maneno yamepandana kama watu gizani.
Kiswahili wanafundishwa siku hizi.
Alitaka kunionyesha.
Akaweka kidole chenye chumvi kwenye mstari wa chini,
akasoma kama anayevuka mto juu ya mawe:
"A-ka-i-fu-ngu-a."
Hapo ndipo alipokuwa amepachana,
apate kumwaga karanga mdomoni.

Nimerudi. Nimebandika maharagwe.
Kitabu sina mkononi, blanketi tu.
Akaifungua.
Si mlango, basi; mlango angeufungua.
Si sanduku. Si kinywa chake, baada ya miaka yote ile.
Barua? Ile mizani yenyewe, aone risasi iliyofichwa ndani?
Au ni milango,
yote,
mmoja baada ya mwingine, hadi uani, na ukungu ukaingia?

Jirani anagonga ukuta.
Anasema kuna kitu kinaungua.