Mengineyo

Vuli imeingia Rau. Bati linamshinda Mkuu sauti,
lakini anasoma tu: ratiba ya mitihani,
zamu za getini, wino mwekundu umekwisha,
Mwalimu Eliaichi kahamishiwa Same.
Tunaandika. Chai inapoa.

"Mengineyo?"

Ndeonansia wa darasa la pili,
asiyewahi kunyoosha mkono kikaoni:
"Silali."

Katibu akainua kalamu, akaishusha.
Mama Kileo akamjazia kikombe,
akalivuta rundo lake la madaftari, karibu nusu,
akaanza kusahihisha
kwa penseli.

Kesho yake, chini ya tangazo la mishahara,
kikaratasi: Zamu yake Jumatano nashika mimi.
Chini yake, mwandiko mwingine: Alhamisi nami.
Chini kabisa, herufi zimelowa, bila jina:
Ijumaa.