Maelezo ya Jirani, Kituo cha Newala

Afande, andika: mbwa kumi na wanne,
sufuria moja, kavu tangu Jumanne.
Punda wa Chilumba ana donda mgongoni
limefunikwa gunia la korosho.

Maji ya Newala ni ya kununua, najua.
Bango linasema Kimbilio, naliona.
Na Bi Fadina alianza kwa huruma:
kanga ya msiba wa mamaye
ndiyo aliyokibebea kijibwa cha kwanza.

Bwana mifugo kanileta kwako,
wewe wanirudisha kwake;
sheria ipo, nimeisoma,
karatasi imelainika kwa jasho la kiganja.

Wauliza mlalamikaji nani?
Andika: Somoe Nantanga, jirani,
aliyewasikia wakilia siku tisa,
na usiku wa kumi
hakusikia kitu.