Namba Elfu Moja

Kompyuta ni moja, chini ya dirisha la ghorofa ya saba, Annelinn, Tartu,
theluji ikijibandika kiooni kama bahasha zisizo na anwani.
Ukiiwasha inauliza kwanza: mlango upi?
Wa Taavet, kaka yangu, anayefumua mfumo wake na kuushona upya kila Jumapili.
Wangu, niliousimika mwaka juzi na sitaki uguswe.
Na wa tatu, wa baba.
Huo haufunguliwi, wala hakuna aliyethubutu kuufuta.

Tulikata kipande cha diski tukakiita Ait,
ghala kwa lugha yetu.
Nikaandika mstari mmoja katika mfumo wangu, naye katika wake,
ili kila atakayeamka alikute ghala liko wazi.
Zikaingia picha za uyoga wa Septemba, bili za umeme,
sauti ya shangazi Helju akimpongeza mtu kwa siku isiyo yake.

Basi tukalewa ushirika.
Tuweke na programu humo, akasema, kwa nini tupike mara mbili?
Ya kwake ilipofika kwangu ikadai maktaba nisizokuwa nazo,
toleo hili, toleo lile,
kama mgeni anayeulizia chumvi ya kwao.
Tukaunganisha hata mipangilio ya barua pepe.
Programu yake, mpya, ikaipandisha daraja usiku;
asubuhi yangu ikagoma kuisoma.
Barua za miaka sita ndani, mimi nje, nimeshika kikombe.
Nilizirudisha kutoka diski ya akiba, kisha nikamwambia:
Taavet, sahani tutagawana.
Mswaki, kila mtu na wake.

Mashine haijui majina. Inajua namba.
Faili likizaliwa hupigwa chapa ya namba ya mwenyewe,
na anayetangulia kuingia katika kila nyumba hupewa elfu moja.
Baba alikuwa elfu moja.
Taavet, kwake, elfu moja.
Mimi nilianza na akaunti ya majaribio, nikaiita mgeni,
nikabaki elfu moja na moja.

Ndiyo maana daftari la baba, la vipimo vya sauna ambayo hakuiezeka,
likitazamwa kwa Taavet ni mali ya taavet.
Likitazamwa kwangu ni mali ya mgeni,
na nikigusa herufi moja, ruhusa inakataliwa.

Amri moja tu, anasema kaka, dakika haipiti.
Amri naijua.
Vidole vyangu vinaijua.

Ila tarehe tisa, akiwa zamu ya usiku,
nachagua mlango wa tatu.
Neno la siri ni jina la mbwa tuliyemzika Elva.
Unafunguka kwa kujikokota, saa yake imekaa nyuma saa mbili,
unalalamikia masasisho mia nne.
Naingia ghalani, naorodhesha.
Sihariri kitu.
Nasoma safu ya tatu, panapoandikwa mwenyewe:

endel

endel

endel

Kisha nazima.