Narudia, Thibitisha

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri.
Wao wako mbele, kwenye madirisha yanayotazama ziwa,
ingawa hakuna anayelitazama.
Mimi niko nyuma, kati ya printa na birika,
kiti changu hakina mkono wa kushoto.

Matangani watu wakiniuliza kazi yangu
husema: kompyuta. Wanatosheka.
Nikisema nafuatilia umeme uliouzwa kabla haujazaliwa,
umeme wa maji ambayo bado ni mawingu juu ya Kericho,
shangazi ataita kikundi cha maombi.

Obura hupaaza sauti: "Ishirini! Saa mbili hadi saa nne usiku!"
Huweka simu chini kama anayeua mbu,
kisha karatasi hunijia ikiwa na mafuta ya mandazi.
Nani kauza. Nani kanunua.
Megawati ngapi, laini ipi, shilingi au dola.
Saini iko wapi, Obura?
Saini huja. Huja kama mvua ya Januari.

Jumanne, saa tisa na dakika hamsini.
Saa kumi kamili maombi hufungwa,
na baada ya hapo hata ulie, mtambo hausikii kilio.
Tiketi inasema tumenunua.
Nampigia Opendi, Tororo.
Ananijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kula:
"Dada, hata sisi tumenunua."

Wageni wawili kwenye mlango mmoja,
kila mmoja akimwambia mwenzake karibu.

Nikavaa visikilizio, nikarudisha mazungumzo nyuma.
Kelele za feni. Kicheko. Mtu akiulizia chaja.
Halafu Obura, waziwazi: "Nakupa ishirini."
Nakupa. Si nipe.
Mkono wake ulikuwa umeandika tamaa yake,
mdomo ulikuwa umeuza.

Nikafuta, nikaandika, nikatuma.
"Opendi, narudia: sisi tunatoa, ninyi mnapokea. Thibitisha."
"Nathibitisha."
Saa tisa, dakika hamsini na nane.

Hakuna aliyepiga makofi.
Obura alitazama saa, akatazama viatu vyake,
akanisukumia pakiti ya njugu iliyobaki nusu.
Huku kwetu hiyo ni nishani.

Nikifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea.
Jaribu kuiandika hiyo kwenye fomu ya nyongeza ya mshahara.

Jioni nikaweka mizani,
si hii ya shairi, wala ile ya samaki pale Jubilee,
bali ya kilichoahidiwa na kilichofika.
Tofauti: sifuri nukta nne.
Nikatafuta mpaka mlinzi akaja kuzima taa za ngazi.
Sikuipata. Nikatoka nayo.

Manyatta, saa mbili usiku, milango minne ua mmoja.
Zile ishirini sasa zinavuka mpaka,
ziko kwenye nyaya mahali fulani, hazina harufu, hazina mlio.
Mama Lavenda amesimama gizani na simu yake,
miwani aliikalia mwezi wa tano.
Amenunua tokeni ya hamsini.

Namsomea nne nne, kama ninavyowasomea Tororo:
mbili, sifuri, saba, tatu. Narudia:
mbili, sifuri, saba, tatu.
Anabonyeza. Kidole kina unga wa ugali.
"Thibitisha," namwambia, mdomo umezoea.
"Nithibitishe nini," anacheka, "na giza si hili unaliona?"

Tarakimu ishirini. Mita ikawaza.
Ndani taa ikawaka, na mtoto
akaendelea na hesabu ya kugawanya
pale pale penseli ilipokuwa imesimama.

Uniti moja nukta nane.
"Hizo zitanifikisha Alhamisi?"

Taa moja. Redio. Simu mbili za kuchaji.
Pasi, kama atapiga pasi sare.
Nikageuza risiti ya njugu, nikaomba penseli.