Ufuo

Meza yangu ya kuandikia iko nyumba kati,
chumba cha ndani kabisa, kisicho dirisha,
nilimozaliwa, walimomwosha Barke.
Nilikichagua kwa ubaridi wake. Ndivyo nilivyowaambia.

Katika riwaya zangu tatu hafi mtu.
Mgonjwa akizidiwa, humpakia boti ya Mokowe,
ana barua mfukoni, ana shangazi Mombasa;
mvua inanyesha, sura inakwisha.
Bwana Famau alitoka ukurasa wa tisini
kwenda Langoni kununua betri za redio.
Mwaka wa kumi na moja huu. Betri gani hizo?

Kiswahili kinanisaidia kukimbia.
Nasema "hayupo", kama aliyetoka kidogo.
Nasema "ametutangulia",
kana kwamba sote tumealikwa harusi moja.
Lakini neno "ufuo" limenigeuka:
ni pale mchangani watoto wanapocheza mpira,
na ni mfereji ule chini ya kitanda cha kamba
uliopokea maji yaliyopita nyweleni mwa dada yangu,
ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho.
Neno moja. Siwezi kuandika watoto wakicheza
nisisikie kata ikigonga ndoo.

Siku ile sikuingia. Nilisimama nje ya pazia
nikihesabu zidaka za ukutani,
nikapotea, nikaanza upya.
Walipouliza, "Nani atamshika kichwa?"
nilisema nakwenda kutafuta udi.
Udi ulikuwa mkononi.

Jana, arubaini imeshapita,
nimetoa mswada wa kitabu kile cha kwanza.
Barke ndiye aliyekuwa akinisomea, penseli sikioni,
akiokota koma zangu kama chuya kwenye mchele.
Ukurasa wa tisini, pembeni, aliandika neno, nami nikalifuta.
Nimelala na tochi ubavuni mwa karatasi
hadi mikwaruzo ikatoa vivuli:
"Huyu amekufa, Mwana. Sema basi, tulale."

Nimesema.
Nimemrudisha Famau kutoka Langoni, mikono mitupu,
nimemlaza hapa, karibu na meza.
Kichwa nimekishika mimi. Kizito, kina joto bado.
Nimeandika maji. Nimeandika yakishuka.

Taa sijaizima.
Naogopa vilevile: sijui sentensi yangu
ataiandika nani,
wala kama atajua
koma inakaa wapi