Fomu ya Ruzuku, Soko la Feri

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Mwajabu amenawa mikono kwa ndimu
asije akaipaka harufu ya vibua.

*Taja mnyororo wa thamani.*
Barafu, kisu, kikaango,
deni la mafuta kwa Chuwa,
ada ya Sikudhani.

*Upotevu baada ya mavuno?*
Hapo kalamu inasita.
Jumanne umeme ulikatika,
ndoo tatu za dagaa zikaishia kwa paka,
na paka nao wakachagua.

*Kiasi kinachoombwa.*
Nafasi ni ya tarakimu.
Anaandika: jokofu.
Anafuta.
Anaandika: jokofu, na jenereta.

Dirisha la nne, karani anagonga muhuri bila kusoma,
ananusa karatasi:
"Mama, vibua vya leo bado vipo?"